Apewe Akilalamika

9 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama, na cherehani yangu kama bado ina sindano yake. Sisi huku hatujambo. Kiti changu kwenye basi kilikuwa juu ya tairi, nikashuka nyonga zikiwa kama za kuazima, lakini tumefika.

Ningekupigia simu, ila wewe simu umeikataa, unasema watu wa simu hawasalimiani, wanaanza moja kwa moja na "uko wapi?" Basi nakuandikia, na salamu zako umeshazipata zote.

Habari yenyewe ni hii. Kinachomfanya Kibibi atapike kila asubuhi na kuyumba akitembea si macho wala si minyoo. Ni uvimbe. Uko nyuma ya kichwa, chini, karibu na shingo, na daktari alinionyesha kwenye picha. Ukubwa wake ni kama limau. Watampasua mwisho wa mwezi. Niliuliza kama hakuna dawa ya kumeza, akasema hakuna, nikatia saini.

Mwenyewe ameshaiteka wodi. Daktari wa upasuaji ni mtu mrefu asiyecheka, anatembea na wanafunzi wake nyuma kama msafara wa harusi. Asubuhi ya kwanza alipofika kwetu, Kibibi aliteremka kitandani, akashika chuma asianguke, akasema, "Shikamoo, daktari." Yule mtu akasahau alichokuwa anakieleza. "Marahaba. Hujambo?" "Sijambo, ahsante. Na wewe hujambo?" Miaka sita hiyo! Daktari akawageukia wanafunzi, akawaambia wajifunze kwa mgonjwa. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie kwamba huyu kafundishwa na mjomba wake, mwalimu wa darasa la kwanza. Tangu nirudi nyumbani na mtoto mgongoni wewe ndiye uliyemlea, kwa hiyo sifa ni zako.

Mama umwambie ukweli, lakini polepole.

Mdogo wako


18 Februari

Mpendwa mdogo wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa ile shikamoo uliyonipa dirishani wakati basi linaondoka, ambayo sikuwahi kuiitikia. Hapa nyumbani hatujambo sote. Mama anakula vizuri. Darasani nina watoto wengi kuliko madawati, lakini wanasikia.

Wateja wako wananitafuta kama nimewaibia. Juzi mke wa mwashi alikuja kuchukua gauni lake, nikampa moja la bluu, akashukuru sana na kwenda zake. Kesho yake akaja mwingine anataka gauni la bluu. Nimemwambia fundi amesafiri. Ukirudi utayamaliza wewe, mimi magauni yote nayaona ni yale yale.

Mama nimemwambia ni macho. Uvimbe wa kichwani ni neno zito kwa mtu wa umri wake. Barua yako nilimsomea kwa sauti, salamu na safari, nikaishia hapo.

Nimefurahi kusikia kwamba Kibibi hajaniangusha. Msomee haya kabla ya upasuaji: mkubwa akimuuliza hali, ajibu vizuri kama alivyofundishwa. Asilete manung'uniko. Madaktari wana wagonjwa wengi, na mtoto msumbufu mwisho wake hupewa mgongo. Na wewe pia, dawa kali usizishangilie. Nasikia mtu huzizoea.

Tunawaombea mchana kutwa.

Kaka yako


2 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Hatujambo.

Upasuaji umefanyika. Ulichukua asubuhi nzima. Uvimbe umetoka karibu wote, kuna kipande kimeshikamana pabaya, watakirudia akipata nguvu. Kibibi hajambo. Barua yako nilimsomea usiku wa kuamkia siku yenyewe, akaisikiliza kwa makini.

Hasumbui kabisa. Watu wote wanamsifu. Kuna watoto humu wanapiga kelele mpaka dari inatetemeka, yeye amelala chali ametulia tu. Hajaanza kula vizuri.

Naandika kwa haraka, kuna mtu anaondoka sasa hivi ataipeleka barua stendi.

Mdogo wako


11 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo, na leo hatujambo kwelikweli! Niliposoma kwamba uvimbe umetoka karibu wote nilikaa chini kwenye ngazi ya ofisi ya walimu, mwalimu wa michezo akadhani nimepata kizunguzungu. Darasa langu nimeliambia kwamba mwenzao amefanyiwa upasuaji na hakulia hata kidogo. Wamempigia makofi. Nimewaambia huo ndio ushujaa.

Mama anauliza macho yanaendeleaje. Nimesema vizuri.

Ila barua yako ilikuwa fupi, tena haina utani hata mmoja. Wewe hata risiti ukiandika unaweka utani. Kuna nini?

Kaka yako


25 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo huko, na mke wa mwashi na gauni lake la kuazima. Sisi tunaendelea, na safari hii nitakueleza vile ilivyo, maana umeniuliza.

Hapa wodini yuko muuguzi mmoja mtu mzima, watu wote wanamwita Sista Miwani. Wakati Kibibi anapasuliwa yeye alikuwa likizo. Siku aliyorudi hakumwuliza mtoto kitu. Alisimama tu miguuni pa kitanda akamtazama, muda mrefu mpaka mimi nikaona haya.

"Huyu mtoto mbona hageuzi shingo?"

Nikamwambia, "Hajambo, Sista. Hasumbui hata kidogo."

"Sikukuuliza kama anasumbua."

Akanionyesha mkono wa Kibibi. Kaka, mimi nilikuwa nimekaa karibu na ule mkono siku zote na sikuuona. Alikuwa ameshika chuma cha kitanda, vidole vimekuwa vyeupe. Nilidhani ndivyo anavyopenda kulala.

Basi Sista akalichukua faili. Siku mbili za mwanzo alipewa dawa za maumivu kwa saa maalumu, aombe asiombe. Baada ya hapo daktari aliandika ile dawa yenye nguvu, mofini, na pembeni akaandika: apewe akilalamika. Kila zamu nesi anakuja, anauliza, "Kibibi, hujambo?" "Sijambo, ahsante." Nesi anaenda zake. Hakuna aliyekosea, unaona? Kila mmoja aliuliza na kila mmoja alijibiwa. Hata dozi moja hakupewa.

Niliwahi kumwuliza yule daktari mrefu mapema kama kichwa hakimwumi, akanijibu kwamba ubongo wenyewe hausikii maumivu. Sista anasema hilo ni kweli, lakini ili uufikie ubongo unapita kwenye ngozi na kwenye misuli ya shingo, na hivyo vinasikia sana, tena kwa watoto waliopasuliwa nyuma ya kichwa maumivu ndiyo mabaya zaidi.

Akaleta kadi yenye nyuso zilizochorwa, ya kwanza inacheka, ya mwisho inalia, akamwambia Kibibi aonyeshe yeye ni ipi. Akagusa ile inayocheka. "Kwa nini hii?" "Hii ina adabu." "Na hii ya mwisho?" "Huyo analia mbele za watu."

Nikafikiri labda haumwi kweli. Jioni hiyo nilikuwa nyuma ya pazia nakamua kitambaa, nikamsikia anaongea. Kwenye kitanda cha jirani kuna mtoto wa miaka mitatu au minne, ambaye kichwa chake hujaa maji. Mtu mzima Kibibi humwamkia na kumjibu vizuri, lakini yule ni mdogo wake, hamdai heshima. Alikuwa anamwambia: "Mimi kichwa kinaniuma mpaka kwenye meno. Nikimeza mate kinauma. Lakini nawe usilie sana. Wasumbufu wanapewa mgongo, hawarudi nyumbani."

Hayo ni maneno yako, kaka. Nilimsomea mimi, kwa mdomo wangu huu.

Nilikwenda kumwita Sista mbio. Walimpa ile mofini kidogo kidogo, wakakaa naye wakitazama anavyopumua. Baada ya muda mkono ukaachia chuma, shingo ikageuka, akanitazama akasema anataka uji. Nilitoka nje nikalia nikiwa nimeegemea tangi la maji. Nililia kwa hasira: kwako, kwangu, kwa kila aliyemsifu.

Sasa jambo lenyewe. Kile kipande kilichobaki watakitoa. Daktari anasema safari hii kichwa kikimwuma lazima wajue mara moja, kwanza apewe dawa, na pili maumivu yanaweza kuwa ishara kwamba maji yanajaa ndani au damu inavuja. Mtoto akisema sijambo wakati hali ni hiyo, wanaweza kumpoteza. Na Sista hakai hapa kutwa kucha, ana zamu kama wenzake. Mimi nimemwambia aseme, ananitazama kama ninayemfundisha wizi. Wewe ndiye uliyemfundisha, wewe ndiye wa kumwachisha. Mwandikie.

Mdogo wako


14 Aprili

Mpendwa mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo. Samahani kwa kuchelewa, shule ilikuwa na ugeni.

Mkaguzi amekuja. Alikagua vyoo, madaftari, mahudhurio, akaingia na darasani kwangu. Watoto walisimama kama mtu mmoja, wakaamkia, wakajibu, wakasubiri waambiwe wakae. Mkaguzi ameandika kwenye kitabu cha wageni kwamba hajaona darasa lenye adabu kama lile. Mwalimu mkuu ametusomea kwenye kikao.

Yule wa gauni la pili amekuja tena. Sasa nikimwona kwa mbali napita nyuma ya ghala.

Mama ananiuliza kwa nini barua zako ni nene na habari ni chache. Namjibu kwamba una mwandiko mkubwa.

Hayo mengine nimeyasoma. Nitayatafakari.

Kaka yako


22 Aprili

Kaka,

Shikamoo.

Mimi nakuandikia mtoto anaumwa mpaka kwenye meno, wewe unaniandikia mkaguzi. Hongera kwa kitabu cha wageni.

Upasuaji wa pili ni mwisho wa Mei. Jana nesi mpya kapita, kauliza, kajibiwa sijambo, kaondoka, na mimi naona kabisa kope zinavyotetemeka. Nimemwita nesi akarudi. Kibibi akanikana mbele yake! "Mama anatania." Kwa adabu zote.

Neno langu kwake ni neno la mama, analipenda lakini anaweza kuliweka pembeni. Lako ni sheria. Kama umeudhika, udhika huko huko, ila kalamu uishike.

Mdogo wako


30 Aprili

Mpendwa mdogo wangu,

Marahaba. Sikuudhika. Niliona aibu, na mimi aibu huwa naivalisha koti na tai naipeleka kwenye kikao. Unanijua.

Nikueleze kilichotokea jana. Asubuhi niliingia darasani kama kawaida. Wakasimama. "Shikamoo mwalimu!" Marahaba, hamjambo? "Hatujambo!" Mara zote hapo nasema kaeni, kisha nageukia ubao. Jana kwa sababu yako sikugeuka, niliwatazama. Mstari wa pili yuko binti mmoja, shavu limevimba kama ameweka kitunguu ndani. Na yeye alikuwa amepiga kelele hatujambo na wenzake, kwa upande mmoja wa mdomo. Nikamwuliza jino limeanza kuuma lini. Akasema tangu wiki iliyopita, mwalimu. Wiki nzima ananiambia hajambo, na mimi wiki nzima namwambia kaa.

Nikauliza, nani mwingine anaumwa? Wakatazamana. Nikawaambia wainamishe vichwa kwenye madawati, wafumbe macho, anayeumwa anyooshe mkono. Mdogo wangu, ilinyooka mikono ambayo sikuitegemea. Mmoja ana jipu, mmoja ana homa, mmoja sikio linatoa usaha. Nimefundisha darasa hili tangu sijaota mvi, na sijui ni wangapi nimewakalisha chini hivyo. Nimeumia sana. Yule binti nimempeleka zahanati mwenyewe, kwa baiskeli.

Mama nimemwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwani wewe ulidhani macho hupasuliwa nyuma ya kichwa?" Mtu aliyetuletea barua yako kutoka huko hospitali alikuwa ameshamweleza siku nyingi, yeye alikuwa ananingoja mimi. Amelia kidogo, halafu akaniuliza kama mtoto anapata uji mzito au mwepesi.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya Kibibi. Nimeiandika kwa herufi za ubaoni ili aisome mwenyewe, na sikuzungusha maneno.

Kaka yako

KIBIBI. NI MIMI MJOMBA WAKO. KUANZIA LEO USISEME SIJAMBO. DAKTARI AU NESI AKIKUULIZA, MWAMBIE UNAPOUMWA. UKITAKA KULIA, LIA. HII NI AMRI.


10 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Ahsante. Nilisoma habari ya wale watoto mara mbili. Mama mwambie uji ni mwepesi, na mtoto anaulalamikia moyoni tu.

Karatasi yako nimempa. Tangu upasuaji anaona vitu viwili viwili, kwa hiyo akisoma hufunika jicho moja kwa kiganja. Aliifuata kwa kidole, neno kwa neno, mpaka mwisho. Kisha akaikunja na kunirudishia.

"Hii si ya mjomba."

Nikamwambia tazama mwandiko. Akasema mwandiko ni wake lakini barua si yake. Haina hujambo, haina habari za huko, haina bibi anakusalimu. "Mjomba hawezi kuingia bila hodi." Halafu akaniambia kwa upole, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa, kwamba si vizuri kuiga mwandiko wa watu.

Sista alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Mimi sikucheka sana. Zimebaki wiki chache na hatujapiga hatua. Unaweza kuja? Ukimwambia kwa mdomo wako atakusikia.

Mdogo wako


17 Mei

Mpendwa mdogo wangu,

Marahaba. Nimeomba ruhusa, mwalimu mkuu amekataa, tuko kwenye mitihani na sina wa kunishikia darasa. Nilifikia kumwambia nitaacha kazi, akaniambia nikanywe maji.

Nimekaa na ile lawama ya Kibibi, nikaona ana haki. Nilitaka kuvunja kwa siku moja nilichojenga kwa miaka. Mtoto hawezi kuamka asubuhi akaambiwa kwamba adabu imefutwa. Basi nimemwandikia nyingine. Mpe mwenyewe, usimsomee.

Kaka yako

Mpwa wangu Kibibi,

Hujambo? Natumaini hujambo. Bibi yako anakusalimu sana, na darasa zima linakusalimu. Sisi huku hatujambo, ila bibi yako goti linamsumbua, na mimi jino la nyuma linaniuma upande wa kulia, hata chai ya moto siwezi kunywa.

Umeona nilivyoandika? Rudi juu usome tena.

Wewe uliondoka kwenda hospitali kabla hatujamaliza somo la salamu. Nilikufundisha nusu tu, na kosa hilo ni la mwalimu. Nusu ya kwanza ni sijambo. Hiyo unaijua kuliko wote, nimekupa vema. Nusu ya pili inaitwa ila. Mtu akikuuliza hali, ukisema sijambo umemheshimu, lakini anakuwa bado anangoja. Anangoja ila yako. Ndiyo maana ameuliza.

Mkumbuke bibi yako kila asubuhi. Namwamkia, anasema, "Marahaba mwanangu, sijambo, ila mgongo, ila goti, ila kuku wa jirani wamekula mboga zangu." Je, bibi yako hana adabu? Ana adabu kuliko mimi. Na ila zake zote tunazisikiliza, hakuna aliyewahi kumpa mgongo.

Lile neno la wasumbufu kupewa mgongo, nililikosea. Nimelikata kwa wino mwekundu kwenye daftari langu. Nawe likate.

Zoezi. Jaza kwa mdomo:
Sijambo daktari, ila ............
Sijambo Sista, ila ............
Kila siku ujaze angalau mara tatu. Mama yako atasahihisha.

Ni mimi mjomba wako akupendaye, ambaye jino bado linamwuma


4 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Sasa hivi naandika Kibibi amelala, na amelala kwa ubavu, uso ameugeuzia ukutani, kajigeuza mwenyewe. Kipande wamekitoa. Daktari mrefu alinijia hadi benchi nililokuwa nimekaa, akanitoa wasiwasi kwa maneno machache: kimetoka chote wanachokiona, na picha ya jana haikuonyesha maji wala damu. Mwambie Mama kabla hujavua viatu.

Sasa nikueleze mengine, maana ni yako.

Barua ya pili aliisoma huku amefunika jicho, akarudi juu kama ulivyomwamuru, akaisoma tena. Akaniuliza, "Jino la mjomba limetibiwa?" Nikasema sijui. Akafikiri sana. Halafu akaanza zoezi, na nakuambia ukweli, tulijuta. Sijambo Sista, ila shuka lina makunyanzi. Sijambo nesi, ila uji umekaa kama maji ya kuoshea sufuria. Yule daktari mrefu aliambiwa mbele ya wanafunzi wake wote, "Sijambo, daktari, ila mikono yako ni baridi." Tangu siku hiyo husugua viganja kabla ya kumgusa. Lakini ila ya kichwa haikutoka. Za shuka na uji ndizo alizozitoa. Mimi nilisahihisha huku naogopa.

Siku ya pili baada ya upasuaji Sista hakuwa zamu. Alipita daktari kijana ambaye hatumjui, ana haraka, anaandika huku anatembea. Kibibi amefumba macho, kichwa kimefungwa bandeji, mkono umekamata chuma. Daktari akasema, bila kuinua uso, "Mtoto, hujambo?"

Nilijiziba mdomo kwa mtandio wangu, kaka, niliuma kitambaa. Niliapa sitamjibia. Yule kijana alingoja kidogo, akaandika kitu, akageukia kitanda cha jirani.

"Ila," Kibibi akasema.

Daktari akageuka. "Umesemaje?"

"Ila kichwa kinaniuma. Kinaniuma sana! Hapa, na hapa, na shingo, na kwenye meno. Nataka dawa sasa hivi."

Sijambo hakuitaja. Shikamoo hakutoa, ahsante hakusema. Daktari akaweka kalamu mfukoni, akapiga magoti, akamwangalia macho kwa tochi, akamwuliza hili na lile na safari hii akingoja majibu. Akamwita nesi alete dawa. Na ilipokuwa inakuja, Kibibi akaanza kulia. Si kile kilio chake cha kumeza, alilia mdomo wazi, mbele za watu wote, mpaka watoto wa upande wa pili wakaamka.

Mama wa kitanda cha jirani akanishika bega, akaniuliza mbona nacheka na mtoto wangu analia. Nilijua dawa iko njiani, na sikutaka anyamaze.

Mdogo wako